Vidole Viwili vya Kupumulia

Chumba cha kushonea,
Jumapili mchana.

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, niliyekubeba mgongoni hata kabla sijajua kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mgongo haukuumi kwa kukaa juu ya hilo greda kutwa nzima, na vumbi la barabara limekuachia kifua cha kuvutia hewa. Sisi huku hatujambo, ingawa hatujambo ya safari hii ina mengi ndani yake, ndiyo maana umeona bahasha nene. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimetanguliza hilo kwa sababu najua tangu mwaka jana ukiona mwandiko wangu moyo unakuruka.

Mama hajambo. Magoti bado yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo uko palepale, haujazeeka hata siku moja. Anakusalimu sana na anasema umeadimika kama maziwa ya kuku. Jirani yetu fundi viatu amepata mjukuu wa pili na anatuchosha wote kwa picha. Lile paa lililokuwa linavuja jikoni limezibwa, sasa linavuja sebuleni. Basi ndiyo maisha.

Kazi ya cherehani ipo, namshukuru Mungu, ila si kama zamani. Mkono wangu umeharibika. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alinirudishia sketi, akaniambia kwa upole kwamba kama nilikusudia kumshonea yeye na jirani yake ndani ya sketi moja ningewaarifu mapema wachangie kitambaa. Watu wote chumbani walicheka, na mimi nikacheka. Lakini ni kweli, mdogo wangu. Kila nguo ninayoshona sasa inatoka pana. Mtu akisimama mbele yangu nikamzungushia futi kiunoni, naye akashika pumzi kidogo kama watu wote wanavyofanya, najikuta nalegeza futi. Namwachia nafasi, namwongezea nafasi, mpaka anatoka na gunia. Kile kimya cha mtu aliyeshika pumzi ndicho kinachonimaliza. Nangoja aishushe, na asipoishusha haraka namwamuru apumue, kwa sauti kali kuliko inavyofaa kumwambia mteja.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningeshukuru kukatizwa. Jambo hili ukilisikia nusu ni baya kuliko kutolisikia kabisa. Kwa hiyo nimeandika, na nitampa yule dereva wa kampuni yenu anayepita huku kuchukua vipuri. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na ukianza usiiache katikati.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yako. Mtoto hali chakula. Si kwamba hana hamu, wala si malaria, wala si kile kiburi cha miaka kumi na mitano. Anakataa kwa makusudi na kwa adabu. Ukimpakulia anashukuru, anazungusha kijiko, anasema ameshiba, anakwenda kuosha vyombo kabla hujamaliza kumtazama. Nilidhani ni majonzi, nikampa muda. Alhamisi iliyopita alianguka mstarini shuleni, mbele ya shule nzima. Mwalimu mkuu akanipigia, nikaenda nikamkuta amelazwa kwenye benchi la ofisini, kakonda, shingo imebaki mishipa mitupu. Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima mapigo, akaniambia hali kama ile ikiendelea hatamaliza muhula huu. Nilimuuliza kama anamaanisha masomo. Akasema hapana.

Siku hiyohiyo nilipekua chumba chake, Mungu anisamehe. Chini ya godoro nilikuta pakiti mbili za unga wa kijani, ule ule wa mama yake. Na ndani ya mlango wa kabati, kwa penseli, mwandiko wake mzuri ule: Mama, siku 29, inchi 2. Chini yake ameandika siku zake mwenyewe. Nilipomuuliza hakulia wala hakuficha. Alinieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba mama yake aliweza, kila mtu aliona, hata baba alisema mlangoni mbele ya watu. Kilichomwangusha mama, alisema, ni kwamba alikuwa mtu mzima na alianza amechelewa. Yeye ana damu changa, hataanguka. Hayo aliyasema akiwa na plasta ya zahanati kwenye kipaji cha uso.

Na wewe, nilipokuomba juzi kwa simu uje uzungumze naye, ulinijibu lile jibu lako la miezi kumi na minne. Ulisema huwezi kumtazama machoni mtoto ambaye mama yake ulimuua wewe kwa mzaha. Nilinyamaza. Ulidhani nanyamaza kwa huruma. Basi ngoja nianze mwanzo, kwa mpangilio, nisije nikajificha ndani ya maneno yangu mwenyewe.

Unamkumbuka Madam Kiuno, yule mwenye saluni ya kona aliyekuwa akiuza dawa za kupunguza mwili. Wewe ulikuwa mbali, hukuona jinsi mtaa mzima ulivyomfuata. Alikuwa na kundi la simu lenye wanawake mia na zaidi, kila alfajiri anawatumia sauti ya kuwahimiza, na picha za watu wasiojulikana, kabla na baada. Wifi alijiunga nalo miezi minne kabla ya ule mzaha wako wa kochi. Shika hilo, nitalirudia. Alianza na wiki ya supu ya kabichi. Nyumba ikanuka mpaka paka akahama. Akafuata mayai ya kuchemsha na machungwa, asubuhi mayai, mchana mayai, jioni mayai, mama akamuuliza kama ana mpango wa kuatamia. Kisha siki kijiko kimoja kabla ya kupiga mswaki. Kisha ile ya kula kuanzia saa sita hadi saa kumi tu, ambapo saa kumi na robo ulikuwa ukimkuta anatazama sufuria kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Kila mara ilikuwa hadithi ileile. Wiki ya kwanza anapungua, anashangilia, anakwenda duka la nafaka kupanda kwenye mizani ya magunia, na mwenye duka, mshenzi yule, anamuuliza kama leo anauzwa jumla au rejareja. Kilo nne zinatoka. Wiki ya tatu anachoka, anakula kama watu wengine, kilo nne zinarudi na jamaa zake. Kwa miezi minane hakuna lililobaki isipokuwa nywele zilizokuwa zikikatika na ukali wa kuwakemea watu bila sababu. Muuguzi, ambaye nilikuwa namshonea sare wakati ule, alimweleza hapahapa chumbani kwangu kwamba kinachotoka wiki ya kwanza ni maji. Mwili ukinyimwa unadhani imeingia njaa ya nchi nzima, unafunga milango, na ukipata tena unaweka akiba. Akamshauri ale chakula cha kawaida, apunguze kidogo, atembee, avumilie mwaka mzima. Wifi alimsikiliza vizuri. Alipoondoka akaniambia ushauri wa namna ile hauna picha za kabla na baada.

Mimi nilijua zaidi ya muuguzi. Madam Kiuno alikuwa mteja wangu. Miaka mitatu nilimshonea, na miaka mitatu kiuno chake hakikusogea. Alivaa ndani mkanda wa kubana wenye vishikizo kumi na vinne, na kila akija kupimwa aliniomba nisubiri ajifunge kwanza. Nilijua kwamba huyo aliyekuwa akiuza wembamba hakuwahi kuupata yeye mwenyewe. Sikusema. Fundi ni kama daktari, hatangazi mwili wa mtu, hivyo ndivyo nilivyojisifu. Kazi yangu kupunguza nguo, si watu. Tena mimi nilizaliwa ufito, sijawahi kujua kulala na njaa ya kujitakia, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Halafu ikaja ile ya mwisho, ya siku arobaini. Maji yenye limau na chumvi, yai moja mchana, unga wa kijani, na jioni chai chungu ya kusafisha tumbo, ambayo ilimweka chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Siku kumi za kwanza alishuka kidogo kwenye mizani. Baada ya hapo akakwama. Miguu ilianza kumvimba, uso ukajaa asubuhi, vidole vikawa haviingii pete. Madam Kiuno alimwambia ni sumu inayotoka. Muuguzi alimshika mkono, akahesabu mapigo, akamwambia aache siku ileile. Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya ishirini na tisa. Kutoka kwa muuguzi alikuja moja kwa moja kwangu, nikampima, futi ikasema inchi arobaini badala ya arobaini na mbili alizoanza nazo. Akapiga kigelegele mpaka watu wa nje wakachungulia. Akachagua kitambaa cha samawati, akaniambia nimkatie gauni kwa kipimo kile kile cha arobaini, atakupokelea nalo likizo yako. Hayo unayajua, maana alikupigia kutoka hapa hapa kwenye kiti changu na mimi nilisikia ukicheka.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, Jumatano asubuhi, binti yako alikuwa anafunga viatu vya shule akasikia mfuniko wa sufuria unazunguka sakafuni jikoni, unazunguka mpaka ukatulia, na hakuna aliyeuokota. Ndivyo alivyojua. Daktari alituambia kuharisha kule na njaa ile vilimmalizia chumvi zinazouendesha moyo, ukasimama. Miaka thelathini na tisa, mdogo wangu. Mpaka leo mtu akiangusha kifuniko cha kitu chochote mtoto anatoka nje.

Ulifika Ijumaa, bado una vumbi la kambini nywele zote zimekuwa nyeupe, na neno la kwanza ulilosema ni kwamba avikwe gauni la samawati. Ulilitoa mwenyewe kwenye hanga hapa chumbani, ukanikabidhi. Mimi na muuguzi tukaingia kumvika. Tulipomaliza tukakuita. Ulisimama mlangoni, mkono mmoja umemshika binti yako begani, ukatazama. Gauni lilimkaa. Kiuno kimeshika, mabega yametulia, hakuna mkunjo. Ukasema kwa sauti waliyoisikia wote waliokuwa uani kwamba kumbe alipungua kweli, kumbe alijikausha mpaka kufa kwa sababu wewe ulimwambia kochi linaomba likizo. Ukapiga ukuta. Tangu siku hiyo hukuacha kusema ulimi wako ndio ulioua, na watu, kwa kuwa watu hawana dogo, wakakukubalia.

Mdogo wangu, hapa ndipo nilipochana barua mbili za mwanzo. Nakuomba usiache kusoma.

Hakupungua. Hakupungua hata upana wa uzi.

Sisi mafundi tunapompima mtu kiuno huwa hatumbani futi kwenye ngozi. Tunaingiza vidole viwili chini yake, baina ya futi na mwili, ili nguo ikishonwa iwe na nafasi, mtu aweze kukaa, kula, kupumua. Aliyenifundisha kazi aliviita vidole viwili vya kupumulia. Ni kitu ambacho mteja hakioni wala hakijui. Siku zote nilimpima wifi hivyo. Ile Jumamosi nilimpima hivyo pia, futi ikasema arobaini na mbili. Ileile. Siku ishirini na tisa za njaa, na arobaini na mbili ileile.

Lakini kabla sijaisoma kwa sauti, alikuwa ameshaniambia maneno haya. Aliniambia muuguzi amemwogopesha, na yeye mwenyewe amechoka, anaona kizunguzungu akiinama. Akasema mizani ya dukani ina mzaha na muuguzi ana vitisho, ila futi ya wifi yake haiwezi kumdanganya. Kama itasema arobaini na mbili basi leo anaacha, anatupa pakiti, anakwenda nyumbani kula chakula cha watu. Kama imeshuka, atamalizia siku zilizobaki. Akafumba macho, akashika pumzi, akangoja.

Nikachomoa vidole, nikavuta futi, nikasema arobaini.

Watu husema nilimpenda sana wifi yangu. Ni kweli nilimpenda. Ungeweza kunitetea kwamba nilimhurumia, sikutaka kumvunja moyo, na mimi nimejaribu kujitetea hivyo hivyo kwa miezi. Siyo. Ilikuwa Jumamosi, chumba kimejaa, nina sare sita za kwaya za kumaliza kabla ya jioni. Alikuwa analia kwangu kila wiki kwa habari ya kiuno. Nilijua nikisema arobaini na mbili atakaa kwenye kile kiti atalia saa nzima, na mimi nitalazimika kuzima cherehani nimshike. Nilichoka kumsikiliza, mdogo wangu. Nilitaka aondoke akicheka, basi. Nikamwuza kwa saa moja ya kushona.

Akaenda kwa muuguzi kumtambia. Hilo nililijua baadaye. Alimwambia eti futi imesema, na wifi yangu hanidanganyi. Kikulacho ki nguoni mwako, na waliosema hivyo sijui kama walikuwa wamemfikiria fundi.

Gauni nililikata kwa arobaini kwa sababu alikuwa amesimama ananitazama nikiandika. Nilipanga kuliachia mshono kimyakimya kabla halijavaliwa, ndivyo nilivyofanya kwa wateja wengine wa Madam Kiuno na hakuna aliyewahi kujua. Sikuliachia. Kwa hiyo siku ile tulipomvika, halikufunga. Alikuwa amevimba, zipu imeachana kiganja kizima, na wewe uko nje ya mlango unauliza kama tumemaliza. Hapakuwa na muda. Nikachukua wembe, nikalipasua mgongo mzima, kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno, tukamlaza juu yake, nikavuta kitambaa mbele na kukichomekea ubavuni mpaka kikakaa vizuri. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Muuguzi alimwinua mabega. Alinitazama mara moja tu. Sare zake anashonewa na fundi mwingine siku hizi.

Ulichokiona mlangoni, kwa hiyo, ulikuwa mkono wangu. Wala si njaa yake, wala si ulimi wako. Pakiti ya kwanza aliinunua miezi minne kabla ya mzaha wa kochi, nimekwambia ushike hilo. Na ule mzaha aliusimulia mwenyewe hapa chumbani kwa wateja, akiiga sauti yako, mpaka machozi yakamtoka kwa kucheka, akasema mume wangu angekuwa na maneno hayo hata kwenye barua zake, ningekuwa na gazeti. Ulikuwa mzaha wa mtu na mkewe. Mimi nilijua hivyo, nikakuacha ubebe mzigo usio wako miezi kumi na minne, nikikupikia pole kila ukinipigia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kimekwisha kuniumbua mara moja, na nilikuwa tayari kukingoja mara ya pili, kije kwa mtoto.

Nataka ujue kwamba hata barua hii si ushujaa wangu. Jana, siku mbili baada ya zahanati, nilimweka binti yako kwenye kiti kile, nikamkabidhi futi, nikamwambia anipime mimi. Akanipima na vidole viwili ndani, akaandika. Nikamwambia avitoe na avute, akaandika tena. Inchi mbili, bila kuruka hata kikombe cha chai. Alizitazama zile namba mbili muda mrefu. Halafu nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, pamoja na wembe. Hakunipigia kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kama mama yake alizikwa mgongo ukiwa wazi. Nikamwambia nilimtandikia bitana ya hariri, kipande kikubwa, nikakikunja mara mbili. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama baba anajua. Nikasema hapana. Akasema nimwandikie leo, la sivyo ataandika yeye.

Leo mchana amekaa mezani na bibi yake. Alikula nusu sahani, polepole, kama anayemeza dawa. Aliniomba nisikae chumba kimoja naye anapokula, nikatoka, nikala nimesimama uani. Zile pakiti amezimwaga chooni mwenyewe. Muuguzi amesema njia bado ndefu, mwili uliozoea kukataa haurudi kwa siku moja, na kwamba mtoto anamhitaji mzazi, si shangazi. Alilisema neno shangazi taratibu, nikalipokea.

Barua hii binti yako ameisoma kabla sijaifunga. Nilimpa kwa sababu aliidai. Aliisoma kwenye ngazi, mpaka mwisho, akarudi na kalamu amenirekebisha mahali pamoja. Ni pale nilipoandika kwamba hapakuwa na muda. Hakuniruhusu nipafute, amesema pabaki hivyo ili uone, ila niongeze hapa chini maneno yake. Anasema muda ulikuwapo. Anasema mlango ulikuwa mmoja, na baba alikuwa upande wa pili.

Njoo, mdogo wangu. Omba ruhusa, wakikunyima njoo hivyohivyo. Utakapofika sitakuwa na haraka ya kusamehewa. Ukitaka kumchukua mtoto siku hiyohiyo mkakae nyumbani kwenu, nimeshafagia, funguo ziko kwa fundi viatu, hutalazimika kupita kwangu.

Mama anakusalimu tena. Yeye bado sijamwambia, hilo nakuachia uamue. Wasalimie wenzako wa kambini, na ujitunze juu ya mtambo huo, usiendeshe siku uliyosoma haya.

Wako katika damu moja, kama bado utaikubali,

Dada yako, fundi.